“Cover” na “wrap”: kabla ya kufasiri, uliza kitafunuliwaje

Maelekezo ya Kiingereza ya huduma ya kwanza kwa mtu aliyeungua mkono yana maneno mawili yanayofanana ukiyatazama haraka. Poza jeraha kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu. Kisha “cover” kwa nailoni safi, ile nyembamba ya kufunikia chakula, wala usifanye “wrap”. Mfasiri mwenye haraka hujikuta ameandika “funika kwa nailoni, usifunike”, au anakimbilia “funga” kwa yote mawili.

Sehemu iliyoungua huvimba. Nailoni iliyolazwa juu ya jeraha huuachia mwili nafasi ya kuvimba, lakini iliyozungushwa mkono mzima hubana na damu ikakosa njia. Sentensi inayofaa ni hii: “Laza kipande cha nailoni juu ya jeraha, usikizungushe mkononi.” Haina “funika” wala “funga”, na bado imebeba kila kilichokusudiwa.

Tofauti yenyewe

“Cover” hueleza matokeo. Kitu hakionekani tena, au hakifikiwi tena, kwa sababu kuna kingine juu yake, mbele yake, au kimeenea usoni pake. Kilifikaje hapo, neno halijali: kinaweza kuwa kifuniko kigumu, bati la paa, theluji, vumbi au kiganja cha mkono. Upande mmoja ukizibwa inatosha.

“Wrap” hueleza mwendo. Kitu chenye kukunjika, kama karatasi, kitambaa, waya, utepe au hata mikono ya mtu, kinakizunguka kingine mpaka ncha zikutane au zipandane. Ndiyo maana kifuniko cha sufuria ni cha “cover” tu. Kingekuwa cha “wrap” endapo kingekunjika kikaishika sufuria kiunoni.

Sarufi ya Kiingereza yenyewe hutoa ishara. Kwa “wrap” unaweza kusema “wrap the child in the blanket” au ugeuze, “wrap the blanket around the child”. Kwa “cover” njia ni moja: “cover the child with the blanket”. Hakuna asemaye “cover the blanket around the child”. Kwa hiyo ukikutana na “around” au “round”, kuna mzunguko, na kitenzi chako cha Kiswahili lazima kiuonyeshe: “mzungushie mtoto blanketi”, “mviringishe kwenye blanketi”. Ukikutana na “with”, blanketi limelazwa juu yake tu: “mfunike blanketi”. Mtoto wa kwanza akigeuka usiku, blanketi hugeuka naye. Wa pili atabaki wazi.

Ishara ya “in” ni ya kuangaliwa zaidi, maana huja na yote mawili. “Wrapped in paper” ni kufungwa kwa karatasi. “Covered in mud” si kufunikwa kwa tope, bali kutapakaa tope. Mwili ukiwa “covered in” vidonda, Kiswahili husema umejaa vidonda. Meza iliyo “covered in” vumbi imejaa vumbi. Ukiandika “meza imefunikwa na vumbi” utaeleweka, lakini msomaji atasikia mgeni akizungumza.

Jaribio la kutendua

Kiswahili kina vitenzi vya kutendua, yaani vya kuondoa kilichokwisha kufanywa, kama fungua, zibua na tandua, na hivi vitakusaidia kuliko kamusi ya lugha mbili, ambayo mbele ya “cover” huweka “funika” na kukuacha hapo. Kabla ya kuchagua kitenzi, jiulize: siku ya kukiondoa hicho kilichowekwa, mtu atafanya nini kwa mikono yake? Likishakuja jibu, rudi nyuma hatua moja na neno unalo.

– Atainua tu, yaani atafunua: tumia funika. Sufuria, kisima, mtu aliyelala.
– Atachimba, yaani atafukua: fukia. Mbegu, shimo, bomba la chini ya ardhi.
– Ataondoa kilichojaza tundu, yaani atazibua: ziba. Ufa, masikio, pua.
– Atang’oa bati au makuti, yaani ataezua: ezeka.
– Atachuna kilichonata, yaani atabandua: bandika. Plasta, stika, karatasi ya ukutani.
– Atavuta kitambaa kitandani au mezani, yaani atatandua: tandika.
– Atamtoa mtu alichovaa, yaani atamvua: visha au vika.
– Atalegeza fundo au ncha, yaani atafungua: funga.
– Atanyoosha mikunjo, yaani atakunjua: kunja.
– Atazungusha kinyumenyume, yaani atazongoa: zonga, au kwa lugha ya kila siku, zungusha.

Saba za mwanzo kwa kawaida ni nyumba ya “cover”. Tatu za mwisho ni nyumba ya “wrap”. Mpaka si ukuta wa zege: “vika” huvuka, kwa sababu maiti ambayo kwa Kiingereza imefanyiwa “wrap” kwa sanda, kwa Kiswahili imevikwa sanda. Sanda ni vazi, na vazi lina kitenzi chake.

Rangi haina kitenzi cha kutendua. Haipakuliwi ukutani, hukwanguliwa. Kitu kikikosa kinyume, jua kwamba kimeshikana na kilichofunikwa, na kitenzi chake ni paka au piga: “cover the wall with white paint” ni “paka ukuta rangi nyeupe”. Na katika rangi hiyohiyo, “two coats” si makoti mawili wala tabaka mbili. Fundi rangi husema mikono miwili: mkono wa kwanza ukauke, ndipo upigwe wa pili.

Ngozi ya ngoma nayo ina neno lake, wamba. Mwamba ngoma huivutia kwake ngozi, na methali hiyo inakukumbusha kwamba kitendo ni cha kuvuta na kukaza, si kulaza juu. Kiti kinachobadilishwa kitambaa, kikavutwa mpaka pembeni na kupigiliwa misumari midogo, kiko karibu na kuwambwa kuliko kufunikwa. Kikitupiwa shuka juu, kimefunikwa.

Pale ambapo hakuna mtu anayefunika, yaani kitu kimeenea chenyewe, jaribio la kutendua halifai. Mawingu hutanda, ukungu hutanda, giza hugubika. Msitu ulio “covers 300 hectares” umechukua eneo la hekta 300. Kuandika “umefunika hekta 300” ni Kiingereza kilichovalishwa viambishi.

Mavazi yanastahili mstari wao. Kitambaa kikizungushwa kiunoni, mtu amejifunga. Kikipita kichwani na mabegani, amejitanda. Kikimfunika gubigubi, amejigubika. Akiwa amelala, amejifunika. Kiingereza kinaweza kutumia “wrap” kwa ya kwanza na ya pili, na “cover” kwa ya tatu na ya nne, lakini waandishi wao hawashiki mpaka huo kwa makini. Tazama mwili, usitazame neno.

“Cover” isiyofunika chochote

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwandishi wa habari aliye “covered the concert” aliripoti tamasha. Ukiandika “alifunika tamasha”, umesema jambo jingine kabisa, kwa sababu katika lugha ya mjini kufunika ni kung’ara kuliko wenzako wote. Msomaji ataelewa kwamba mwandishi alipanda jukwaani akawazima wasanii. Sentensi haina kosa la kisarufi hata moja, na ndiyo maana hupita machoni pa mhariri.

“Cover me!” katika filamu ya vita ni “Nilinde!” au “Nikinge!”, yaani piga risasi ili adui asiinue kichwa nikikimbia. “Nifunike!” ni ombi la blanketi. “Take cover!” ni “Jificheni!” au “Jikingeni!”; chagua fupi, kwa sababu maandishi ya chini ya filamu hukaa kwenye skrini kwa sekunde chache tu.

“Can you cover for me tomorrow?” ina maana mbili na muktadha ndio huamua. Kazini ni “nishikie zamu kesho”. Lakini mtu akiwa ametoroka, “cover for me” ni kumsitiri kwa maneno, pengine kwa uongo: “wakiniuliza, nisitiri”. Angalia kinachofuata katika mazungumzo. Likija jina la bosi na saa za kuingia, ni zamu. Likija swali la “uliwaambia nini?”, ni kusitiri.

Fedha: “cover the cost” ni kugharamia au kulipia. “Will this cover it?” anayeuliza akiwa ameshika noti mkononi anasema tu “Itatosha?” Umbali: “they covered 20 kilometres” ni “walikwenda kilomita 20”. Mada: kitabu kinachofanya “cover” ya jambo fulani kinalizungumzia, na kama ni kwa juujuu kinaligusia. Sheria inayofanya “cover” ya wafanyakazi wote inawahusu wafanyakazi wote. Katika yote haya, mtu anayetafuta kitenzi kimoja cha kubeba kila kitu anajitesa bure.

Bima inahitaji uangalifu, kwa sababu makosa hapa hugeuka madai. Uingereza husema “insurance cover”, Marekani husema “coverage”, na maana ni moja. Sentensi “dental treatment is not covered” ni “bima hii hailipii matibabu ya meno”. Epuka “matibabu ya meno hayajafunikwa”, na epuka pia “hayajumuishwi” kama mahali pengine katika hati hiyohiyo umetumia “kulipia”, kwa sababu msomaji wa mkataba akiona maneno mawili hudhani ni mambo mawili. Chagua moja, ulishike mpaka ukurasa wa mwisho. “Coverage” ya simu haina uhusiano na bima: “no coverage here” ni “mtandao haushiki hapa”.

“Cover-up” ina mtego mzuri. Tuna msemo tayari, funika kombe mwanaharamu apite, na mkono huwashwa kuutumia. Lakini funika kombe ni kunyamazia jambo kwa muda ili shari ipite. Mara nyingi ni busara, na wote waliopo wanajua kilichomo. “Cover-up” ni kuficha kosa ili mhusika asijulikane. Huko tumia kuficha ushahidi, kuzima kashfa, au kufunikafunika, ambayo kule kurudiwa kwake tayari kunanuka hila.

Na kwa wafasiri wa vitabu vya ufugaji: dume likiwa “covered the mare”, limempanda jike. Hakuna aliyeleta turubai.

Majina yapite haraka. Cha chungu ni kifuniko au mfuniko. Cha kitabu ni jalada. Cha simu ni kava. Cha mto ni foronya. Cha kisu ni ala. Cha mzigo kwenye lori ni turubai. Kawa, kile cha ukili cha kufunikia sahani, hakina udugu na kava ingawa herufi moja tu ndiyo imetofautiana. “Cover letter” ni barua ya maombi ikiwa ni ya kazi. Ikiambatana na nyaraka nyingine, ni barua ya kuambatisha.

“Wrap” na mizunguko yake

Swali la kwanza kwa “wrap” ni mara ngapi kimezunguka. Mara moja na ncha zikakunjwa, kama zawadi au glasi ndani ya gazeti, ni funga. Mara nyingi, kama waya kwenye nguzo au bandeji kwenye kifundo cha mguu, ni zungusha. Bandeji ina upekee: kidonda hufungwa, bandeji huzungushwa, kwa hiyo “wrap the ankle” ni “funga kifundo cha mguu” na “wrap the bandage around the ankle” ni “zungusha bandeji kwenye kifundo”. Vidole vikifa ganzi au kugeuka rangi, imebana mno. Hapo mfasiri anahitaji “legeza”, si “fungua”.

Fundi bomba anajua kwa nini mzunguko si jambo dogo. Utepe mweupe wa kuzuia uvujaji huzungushwa kwenye meno ya bomba kufuata upande ule ambao kiungio kitakazwa. Ukizungushwa kinyume, kiungio kikikazwa huusukuma na kuukusanya, maji yakavuja. Maelekezo yanayosema “wrap clockwise” yakifasiriwa “funika meno kwa utepe” yamepoteza mwelekeo na mwendo, na fundi mwanafunzi ataubandika kama plasta.

Vinavyojizungusha vyenyewe: nyoka hujiviringa au hujizonga. Mikono ya mtu kwa mwenzake hukumbatia, na “she wrapped her arms around him” haihitaji kuitaja mikono kabisa. Alimkumbatia, basi.

Matumizi ya mbali ni machache kuliko ya “cover”. “Wrap up the meeting” ni kufunga mkutano, na hapa Kiingereza na Kiswahili vimekutana njiani bila kuambiana. “Wrap up warm” ni vaa nguo nzito. “Wrapped up in her work” ni amezama katika kazi. “Under wraps” ni siri. Mwongozaji wa filamu akisema “that’s a wrap”, upigaji picha umekwisha: “Tumemaliza!” Anayefasiri kwa kusikiliza akumbuke kwamba “w” haitamkwi, na “wrap” inasikika sawasawa na “rap” ya muziki.

Jikoni

“Cover and simmer” ni funika, punguza moto. Lakini “cover with water” haina kifuniko: tia maji mpaka yapite juu ya vilivyomo. Anayesoma “funika kwa maji” husimama kidogo akijiuliza.

Foili ndiyo inayoharibu chakula. “Cover with foil” ni kuilaza juu ya chombo na kuibana ukingoni, ili juu pasiungue kabla ndani hapajaiva. Kwa kawaida baadaye utaambiwa uifunue ili pakauke. “Wrap in foil” ni kukifunga chakula chenyewe pande zote, kiive kwa mvuke wake. Ukibadilisha la kwanza kuwa la pili, unapata nyama laini isiyo na ukoko. Ukibadilisha la pili kuwa la kwanza, supu yote inatoroka na chini panakauka. Andika “funika chombo kwa foili” na “funga nyama ndani ya foili”. Lile jina la kinachofunikwa, chombo au nyama, ndilo linaloondoa shaka.

Kwenye skrini

Katika Excel, “Wrap Text” iko kwenye kichupo cha “Home”, na kazi yake ni kuvunja maandishi marefu yashuke mstari ndani ya seli ileile. Hakuna kinachozungushwa. “Vunja mistari” inaeleweka kuliko “kunja maandishi”. Maandishi yakibaki yamekatika hata baada ya kubonyeza, urefu wa safu mlalo umewekwa kwa mkono, au seli zimeunganishwa, na seli zilizounganishwa hazijirekebishi urefu zenyewe. Kushusha mstari mahali unapotaka wewe, kwenye Windows bonyeza Alt na Enter kwa pamoja.

Katika Word jina hilohilo ni kazi nyingine: maandishi yaizunguke picha, yapite juu na chini yake tu, au picha ikae nyuma yake. Huku “zungusha maandishi” ni sahihi. Mwongozo mmoja ukizungumzia programu zote mbili, usilazimishe neno moja.

Wajenzi wa tovuti wanayo yote mawili. Picha ya usuli iliyopewa “cover” hukuzwa bila kupotoshwa uwiano mpaka ijaze boksi lote, na kinachozidi hukatwa; kwa hiyo ni “jaza”. “Wrap” kwenye mpangilio wa visanduku ni ruhusa ya visivyoenea kushuka mstari unaofuata.

Sentensi moja yenye yote

“Wrap the glasses individually in paper, cover the box with a tarp, and check that your policy covers breakage. We will cover the transport.”

Tafsiri ya neno kwa neno hutoa funika mara tatu na “sera” mara moja, kwa sababu “policy” ya bima imechukuliwa kuwa ya serikali. Jaribio la kutendua linaleta hivi: glasi zitafunguliwa, boksi litafunuliwa, bima na usafiri havina cha kufunuliwa. “Funga kila glasi kwa karatasi yake, funika boksi kwa turubai, na hakikisha bima yako inalipa vitu vikivunjika. Usafiri tutaugharamia sisi.”

Kama sentensi ya Kiingereza ingesema “wrap the box in a tarp”, turubai ingepaswa kupita na chini pia: “lizungushie boksi turubai mpaka chini”. Boksi lililofunikwa juu tu, likiwekwa kwenye sakafu yenye maji, hulowa kuanzia kitako.